Marais wa mwaka mmoja

Kila mwaka, siku za mwisho za Juni, maelfu ya marais duniani huachia madaraka kwa pamoja, na hakuna mizinga inayopigwa. Mmoja ni daktari wa meno, mwingine ana duka la vifaa vya ujenzi, mwingine ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Katika ukumbi wa hoteli uliokodiwa kwa saa chache, rais anavua mkufu wa uongozi na kumvalisha mwenzake, anakabidhi kengele na nyundo ya mezani, wanapeana mikono mbele ya bango la klabu, kisha chakula kinaletwa. Tarehe 1 Julai mwaka mpya wa Rotary, mtandao wa klabu za huduma, unaanza, na aliyekuwa rais anahamia kwenye meza za wanachama. Lions, mtandao mwingine wa aina hiyo, nao huanza mwaka wao siku hiyohiyo. Kiwanis, klabu zilizojifunga rasmi kuwatumikia watoto, husubiri hadi 1 Oktoba.

Mwaka mmoja tu. Yeyote aliyewahi kuongoza kikundi cha kusaidiana, kwaya au kamati ya shule anajua muda huo ulivyo mfupi. Miezi mitatu ya kwanza kiongozi anajifunza nani huja vikaoni na nani hutuma udhuru. Miezi mitatu ya mwisho watu wameshaanza kumtazama anayefuata. Katikati inabaki miezi sita, na humo humo kuna sikukuu, misiba, harusi na ada za shule. Hata hivyo, kwa vipande hivyo vya miezi vilivyoungwa kimoja kwa kingine, klabu hizi zimesaidia kuisukuma polio hadi ukingoni mwa kutoweka duniani. Kazi ya zaidi ya miaka 40 imebebwa na viongozi ambao karibu wote walikaa kitini kwa miezi 12 tu.

Chimbuko lake ni mhasibu mmoja wa Australia.

Clem Renouf alitoka Nambour, mji mdogo wa jimbo la Queensland, na aliongoza Rotary ya dunia mwaka 1978 hadi 1979. Wakati huo ndui ilikuwa inatoweka. Mgonjwa wa mwisho kuambukizwa ndui katika mazingira ya kawaida alipatikana Oktoba 1977 huko Merka, Somalia. Aliitwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali, na alipona. Renouf aliposoma habari za ushindi huo alijiuliza kama ulikuwapo ugonjwa mwingine ambao watu wa kawaida, wasio madaktari, wangeweza kusaidia kuuondoa. Akampelekea swali hilo Dk. John Sever, mwanachama mwenzake aliyekuwa mtafiti wa afya nchini Marekani. Sever akajibu kwamba upo: polio.

Mradi wa kwanza ulipelekwa Ufilipino. Rotary iliahidi dola 760,000 ili watoto wapatao milioni 6 wapate chanjo kwa miaka mitano. Matone ya kwanza yalitolewa tarehe 29 Septemba 1979 huko Makati, katika eneo la Metro Manila. Aliyeinama kumdondoshea mtoto matone mdomoni hakuwa Renouf. Mwaka wake ulikuwa umeisha miezi mitatu nyuma. Alikuwa James Bomar, mwanasheria kutoka Tennessee, rais aliyemfuata.

Hapa panastahili kutuliwa. Bomar angeweza kusema huo ni mradi wa mwenzake. Katika vyama vingi ndivyo inavyokwenda: kiongozi mpya anakuja na kauli mbiu mpya, fulana mpya na mradi mpya, na ule wa jana unaachwa bila mwenyewe. Bomar aliuchukua kama wake. Waliomfuata wakafanya hivyohivyo, mmoja baada ya mwingine, hadi mwaka 1985, chini ya Carlos Canseco, daktari kutoka Mexico, Rotary ilipotangaza kampeni ya polio ya dunia nzima. Lengo lilikuwa kuchangisha dola milioni 120. Kufikia mwaka 1988 wanachama walikuwa wamekusanya milioni 247. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likaingiza nchi zote kwenye vita hivyo, wakati polio ikikadiriwa kupooza watoto 350,000 kwa mwaka katika nchi zaidi ya 125.

Na yule mpishi wa Merka? Miaka mingi baadaye Maalin alizunguka Somalia akiwashawishi wazazi wapeleke watoto wao kupata matone. Aliwasimulia jinsi alivyoikwepa chanjo ya ndui kwa kuogopa sindano, na yaliyompata. Alifariki kwa malaria mwaka 2013 akiwa katika kazi hiyo.

Klabu hizi hazikuanza na watoto. Zilianza na upweke na biashara. Jioni ya 23 Februari 1905, wakili Paul Harris alikutana Chicago na mfanyabiashara wa makaa ya mawe, mhandisi wa migodi na fundi cherehani, katika chumba namba 711 cha jengo la Unity. Kwa kuwa walikutana kwa zamu katika ofisi zao, jina Rotary likatokana na mzunguko huo. Na jambo linalosahaulika mara nyingi ni kwamba Harris, mwenye wazo, hakuwa rais wa kwanza. Kiti kilikwenda kwa Silvester Schiele, yule wa makaa. Tangu siku za mwanzo kabisa, mwanzilishi alikaa pembeni akamwachia mwenzake nyundo.

Kiwanis ilipata hati yake Detroit mwaka 1915, na mwanzoni wanachama walijiunga ili wapeane biashara: wewe nunua kwangu, mimi ninunue kwako. Ndani ya miaka michache wengi walichoka na habari hiyo. Mwaka 1919, kwenye mkutano wao mkuu wa Birmingham, Alabama, walichangishana dola 17,500 wakanunua haki zote za chama kutoka kwa Allen Browne, aliyekiandaa, ili wakiendeshe wenyewe na kukielekeza kwenye huduma. Leo kauli yao inataja watoto wa dunia.

Mtu aliyewageuza wengi wawatazame watoto hakuanza akiwa mkuu wa chama chochote kikubwa. Edgar Allen alikuwa mfanyabiashara wa Elyria, mji wa kawaida katika jimbo la Ohio. Mwaka 1907 mwanawe Homer aliumia katika ajali ya tramu, na mjini hapakuwa na hospitali ya kumtibu. Mtoto akafa. Allen akaacha biashara yake, akachangisha fedha, na mwaka uliofuata hospitali ikafunguliwa. Alipokuwa akiihangaikia aligundua jambo lililomtesa zaidi: kulikuwa na watoto wenye ulemavu waliofichwa majumbani, hawaonekani shuleni wala kanisani, hawahesabiwi popote. Mwaka 1915 mji huo ukapata hospitali ya watoto hao. Mwaka 1919, klabu za Rotary za Ohio zikiwa nyuma yake, kikaundwa chama cha jimbo zima, ambacho baadaye kilienea Marekani na sasa kinaitwa Easterseals.

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa maana ya mtoto aliyefichwa ndani. Mjumbe wa nyumba kumi au mhudumu wa afya wa kijiji anaweza kuhesabu nyumba ambazo mgeni anapoingia, mlango wa chumba cha nyuma hufungwa. Klabu inayosema inasaidia watoto na haijawahi kuuliza habari za mlango huo bado haijaujua mtaa wake. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya kiongozi, nayo haihitaji senti moja: kujua watoto gani wapo, wako wapi, na nani tayari anawahangaikia. Rotary imeliweka jambo hili katika kanuni. Klabu inayoomba ruzuku kubwa ya kimataifa kutoka kwenye mfuko wake hutakiwa kwanza ifanye tathmini ya mahitaji pamoja na jamii yenyewe. Kanuni ya namna hiyo huepusha visima vinavyokauka, kompyuta zinazopelekwa shule zisizo na umeme, na madawati makubwa mno kwa watoto wa darasa la kwanza.

Kisha kuna vikao. Rais wa klabu hana mshahara wa kumpa mtu wala barua ya kumfukuzia. Mwanachama asiyetaka kuja haji, na anayekuja amelipa ada yake mwenyewe, ameacha duka au familia, na ana haki ya kuuliza saa yake imetumikaje. Ndiyo maana kikao kibovu ni sumu kali kuliko ukosefu wa fedha. Kikao kinachoanza kwa wakati, chenye ajenda fupi, mgeni mwenye jambo la kusema, na «mengineyo» yasiyogeuka kuwa kikao cha pili, huwarudisha watu wiki inayofuata. Akidi ikikosekana mara tatu mfululizo, mradi wa watoto umeshakufa hata kama hakuna aliyetangaza msiba. Waliowahi kuongoza VICOBA au chama cha kuzikana watalitambua hili haraka, kwa sababu ujuzi ni uleule: kumpigia simu aliyekosa, kumpongeza hadharani aliyebeba maji, kumkanya faraghani aliyelegea.

Upande wa fedha kuna utaratibu mmoja ambao kila kikundi cha mtaani kingeweza kuuiga kesho asubuhi. Lions wanazitaka klabu zao zitenganishe fedha za uendeshaji na fedha zilizochangwa na umma. Ada za wanachama ndizo zinalipia ukumbi, chakula na vifaa vya ofisi. Kilichopatikana kwa kuwaomba watu nje, iwe kwa bahati nasibu, chakula cha hisani au mbio za barabarani, kinakwenda kwenye huduma. Klabu za Kiwanis za Marekani zimejulikana kwa vifungua kinywa vya chapati za maji na siku za kuuza karanga. Dar es Salaam ina mbio za Rotary, na Kampala ina zake za kuchangia tiba ya saratani. Mkimbiaji aliyelipa ili akimbie asubuhi ya Jumapili hakulipa ili rais wa klabu ale samaki. Rais mwenye akili humwomba mweka hazina asome hesabu zote mbili mbele ya wanachama kila mwezi, hata pale ambapo hakuna aliyeuliza, maana ukimya wa miezi mitatu juu ya fedha ndio huzaa minong'ono.

Gumu kuliko yote ni usalama wa mtoto mwenyewe. Mtu mwenye fulana ya klabu na mfuko wa madaftari hufunguliwa kila mlango, na wapo watu wabaya wanaolijua hilo. Kiwanis ina miongozo ya kuwalinda vijana: mtu mzima asibaki peke yake na mtoto faraghani, na walezi wa klabu za vijana wachunguzwe rekodi zao. Tanzania Bara, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo. Kiongozi wa klabu hawezi kujitetea kwamba hakutaka kuharibu jina la klabu. Kadhalika picha. Mtoto aliyepewa viatu leo atakuwa kijana wa sekondari miaka saba ijayo, na picha yake akiwa peku mbele ya bango bado itakuwa ikizunguka kwenye simu za watu. Klabu inaweza kupiga picha ya darasa lililopakwa rangi, au ya wanachama wakibeba mbao, na wafadhili wakaelewa vizuri kabisa.

Kwa miongo mingi nyundo na kengele vilishikwa na wanaume peke yao. Mwaka 1977 klabu ya Rotary ya Duarte, mji mdogo wa California uliokuwa ukihangaika kupata wanachama, ilipokea wanawake watatu. Makao makuu yakaifutia hati mwaka uliofuata. Wanachama hawakutawanyika. Waliendelea kukutana, wakajiita klabu ya zamani ya Rotary ya Duarte, wakaenda mahakamani. Tarehe 4 Mei 1987 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba wanawake hawawezi kuzuiwa. Miezi miwili baadaye klabu hiyo iliongozwa na Sylvia Whitlock, mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mwanamke wa kwanza kuwa rais wa klabu ya Rotary. Kiwanis na Lions nao wakafungua milango mwaka huohuo. Ukitafakari, ni ajabu kwamba vyama vya kuwasaidia watoto vilikaa miaka 70 au zaidi bila kumwachia kiti mtu aliyeshinda na watoto kutwa nzima.

Kampeni zilizofuata baada ya milango hiyo kufunguka ziliwagusa pia akina mama. Miaka ya 1990 Kiwanis ilishirikiana na UNICEF kuchangia chumvi yenye madini joto, ile inayomkinga mama na rovu na kumkinga mtoto aliye tumboni na udumavu wa akili. Mwaka 2010 ikageukia pepopunda. Ni ugonjwa ambao jina lake peke yake huwashtua bibi zetu: mtoto mchanga anazaliwa mzima, ananyonya siku mbili tatu, kisha mwili unakakamaa, na mwanga au mguso wowote unamtia mishtuko mipya, hata mama akimkumbatia anazidi kumwumiza. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani ni kwamba mwaka 2008 pepopunda iliua watoto wachanga 59,000. Kiwanis iliwaeleza wanachama wake hesabu moja fupi: dola 1.80 zilitosha kumpa mama chanjo tatu, na mama aliyechanjwa humkinga na mwanawe. Hesabu hiyo ndiyo iliyouza chapati za maji kwa miaka kadhaa. Uganda ilithibitishwa kuwa imeitokomeza pepopunda ya wachanga na wazazi mwaka 2011, Tanzania 2012, na Kenya 2018. Sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na wakunga, wauguzi na serikali zenyewe. Klabu zilichangia, zikapiga debe, na hazikuacha njiani.

Kwetu klabu hizi si mgeni wa juzi. Rotary ilifika Nairobi mwaka 1930 na Dar es Salaam mwaka 1949, zama za ukoloni, zikiwa klabu za watu wachache wenye nafasi. Miaka mingi ilipita kabla ya meza hizo kukaliwa na wenyeji wa nchi. Ndiyo maana habari ya Sam Owori inawagusa Waganda mpaka leo. Mzaliwa huyo wa Tororo, mtu wa benki na utawala bora wa makampuni, alijiunga na Rotary mwaka 1978. Aliteuliwa kuiongoza Rotary ya dunia kuanzia 1 Julai 2018, Mwafrika wa pili baada ya Jonathan Majiyagbe wa Nigeria. Julai 2017, akiwa rais mteule, alifariki baada ya upasuaji. Nafasi yake ikachukuliwa na Barry Rassin wa Bahamas, na mwaka ukaanza tarehe ileile iliyopangwa. Wanachama wa Uganda walilia, kisha wakaendelea na vikao vyao vya wiki.

Tarehe 25 Agosti 2020 Afrika ilitangazwa kuwa huru dhidi ya polio ya asili. Mwaka 1996, Nelson Mandela alipozindua kampeni ya kuifukuza barani, ugonjwa huo ulikuwa unapooza watoto zaidi ya 75,000 kwa mwaka. Ilikuwa siku ya furaha kubwa, ingawa janga la Uviko lililazimisha wengi kuisherehekea kupitia skrini. Kisha Februari 2022 Malawi ikatangaza kwamba mtoto mmoja wa Lilongwe amepooza. Virusi vyake vilitoka Pakistan. Mtoto mmoja, kirusi kimoja kilichovuka bahari, na nchi jirani zote zikarudi barabarani.

Tanzania ilianza na mikoa inayopakana na Malawi. Wachanjaji walipita nyumba kwa nyumba na masanduku ya baridi begani, wakimpa kila mtoto wa chini ya miaka mitano matone mawili, wakimpaka wino kwenye kidole kidogo, wakiandika kwa chaki mlangoni hesabu ya waliochanjwa. Palipofungwa waliweka alama ya kurudi kesho. Baadhi ya marais wa klabu walioitisha vikao vya mwaka huo hawakuwa wamezaliwa siku Bomar alipoinama Makati.